Protekta Moja ya Halali

Nchini kwetu hakuna matatizo. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akasoma huku akitafuta tatizo, akajichosha bure. Haya ninayoyasimulia yaliwapata majirani zangu, Stamili na mumewe Mwalimu Hiza, niliokaa nao ukuta kwa ukuta, na serikali yenyewe ilikwisha kueleza kwamba lile halikuwa tatizo bali zoezi. Zoezi lilikwenda vizuri.

Stamili alikuwa mpigapicha wa Wizara ya Sura ya Taifa. Kazi yake ilikuwa kumfuata Mheshimiwa Mlezi wa Taifa kila anapokwenda kuzindua kitu, na kumpiga picha akikizindua. Wizara ilikuwa na kamera kubwa ya kisasa, nzuri sana, imefungiwa kabatini. Ufunguo wa kabati alikuwa nao ofisa mmoja aliyepelekwa ng'ambo kusomea utunzaji wa kamera. Kwa hiyo Stamili alitumia simu.

Simu nayo ilikuwa ya wizara, yenye lenzi tatu mgongoni zimekaa kama mafiga. Siku moja ilimponyoka sokoni ikaangukia sakafu ya saruji. Haikupasuka, lakini Stamili aliiokota akaikagua lenzi moja moja. Mama mmoja muuza vifaa vya simu, aliyekuwa akimtazama kutoka kwenye kibanda chake, akamwita.

"Dada, leo Mungu kakuonea huruma. Njoo nikubandikie protekta ya kamera. Ukishaweka hii, hata uigonge kwa nyundo, lenzi haisikii."

Akabandikiwa. Kilikuwa kioo chembamba cha duara kama kifungo cha koti. Aliporudi nyumbani Mwalimu Hiza akaigeuza simu, akakikwaruza kwa ukucha. Hiza alifundisha sayansi katika shule ya msingi ya mtaani kwetu, na alikuwa mtu wa kubisha, ingawa alibisha kwa upole.

"Mama Tumu, hii nini?"

"Protekta. Inakinga kamera."

"Kamera ina kioo chake tayari, tena kigumu. Wewe umeweka kioo juu ya kioo. Sasa mwanga ukija utapita wapi?"

"Utapita, Baba Tumu. Umezoea kupita."

"Utapita umechoka. Ukikutana na taa utagonga huku na huku mle ndani kama nzi kwenye chupa. Utaniambia."

"Bora hivyo kuliko kwenda kumwambia Mkurugenzi kwamba simu ya serikali imepasuka."

Hiza akafikiri kidogo. "Hapo umenishinda. Lakini kwa maoni yangu, haina faida."

"Kwa maoni yako hata mwavuli hauna faida."

Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nikawasikia, nikacheka. Siku zile watu walikuwa bado wanabishania vitu vya namna hiyo, na kwa sauti.

*

Wiki chache baadaye Mheshimiwa Mlezi alikwenda kuzindua bomba la maji katika kata ya Mbwegani. Bomba lilikuwa limekwisha kuzinduliwa na viongozi wengine kabla yake, na kila mara lilitoa maji kwa muda wa hotuba. Msafara ukachelewa hadi jua likazama, ikabidi iazimwe taa ya uwanja wa mpira, ikasimikwa kwenye mlingoti nyuma ya jukwaa. Mlezi akasimama mbele ya taa, akafungua bomba, akanawa mikono, watu wakapiga makofi. Stamili akapiga picha.

Alipoitazama, akaona duara. Lilikuwa duara jeupe, limekamilika, pana kama ungo, na katikati yake kichwa cha Mlezi. Akapiga nyingine, duara lipo. Akafuta kamera kwa upindo wa khanga, akapiga tena, duara likazidi kung'aa. Mlezi akaingia garini.

Kanuni za wizara hazikumruhusu mpigapicha kufuta picha ya Mlezi, maana kuifuta picha ya Mlezi kulihesabiwa kuwa ni kumfuta Mlezi. Kwa hiyo asubuhi Stamili alikwenda nayo kwa Mkurugenzi wa Picha, Bwana Lutengano. Huyu alikuwa amedumu kazini chini ya mawaziri wengi kwa kuhakikisha kwamba hakuna jambo analoliona yeye wa kwanza.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Lete."

Akaangalia. Akavua miwani, akaivaa tena. Akaigeuza simu, akatazama mgongo wake.

"Hiki ni nini?"

"Ni protekta, Mkurugenzi. Taa ilikuwa nyuma ya Mheshimiwa, sasa mwanga ulipogonga protekta..."

"Sijakuuliza ni nini."

"Umeniuliza, Mkurugenzi."

"Nimekuuliza, lakini sikutaka kujua."

Picha zikapelekwa Ikulu, kwa sababu kutozipeleka kungehitaji maelezo. Kisha wakakaa kusubiri. Lutengano alitia kikombe chake cha chai na picha ya wanawe kwenye mkoba, akafunga zipu, akauweka mkoba mapajani. Mchana simu ya mezani ikalia, naye akasimama kuipokea.

"Naam, Mheshimiwa... Ndiyo, limeonekana, Mheshimiwa... Ndiyo, hata sisi tuliokuwapo tuliliona kwa macho."

Hakuwapo. Akaweka simu chini, akafungua mkoba, akarudisha kikombe mezani.

"Mheshimiwa anasema jana alihisi joto kisogoni," alimwambia Stamili kwa sauti ya chini.

"Ni ile taa, Mkurugenzi."

"Taa gani?"

Stamili akanyamaza. Hapo hapo akapandishwa cheo.

*

Jambo lenyewe lilitangazwa na Mlezi mwenyewe, kwa unyenyekevu, kwenye uwanja wa taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "mimi sikuomba. Nilikuwa nafungua bomba, kama mtumishi wenu wa kawaida. Lakini kama kichwa kimewaka, kimewaka. Nifanye nini? Nikizime?"

"Usikizime!" wakajibu viongozi wa mbele, na sisi wa nyuma tukafuatia.

"Watakaouliza nuru hii inatoka wapi, kwanza watueleze giza lao wanalitoa wapi."

Tukapiga makofi. Lilikuwa swali zuri, na hakuna aliyekuwa na jibu.

Jina lake rasmi likawa Nuru ya Uongozi. Picha zote za Mlezi za zamani ziliteremshwa katika ofisi, shule na mabucha, zikapandishwa zenye duara. Shughuli zake zote zilihamishiwa jioni, kwa kuwa wataalamu waligundua kwamba mchana Nuru hupumzika. Ile taa ya uwanja wa mpira haikurudishwa tena. Ilipewa gari lake katika msafara, na askari wa kuilinda, na katika mawasiliano ya usalama ikaitwa Msaidizi. Timu ya Mbwegani ikawa inacheza mchana.

Mawaziri walielekezwa kusimama nje ya duara. Waziri wa Mifugo alijisahau, akainama kumnong'oneza Mlezi jambo la ng'ombe, na picha ilipotoka alionekana na kipande cha nuru sikioni. Alihamishiwa Wizara ya Bahari. Nchi yetu haina bahari, lakini ofisi alipewa.

Stamili sasa alikuwa Mpigapicha Mwandamizi wa Nuru. Mara moja tu alijaribu tena.

"Mkurugenzi, ile protekta imeanza kuingia vumbi. Ningependa niibandue niweke nyingine, au niache kabisa, maana picha nyingine zinatoka na ukungu."

Lutengano akaenda kufunga mlango, akarudi, akakaa.

"Bi Stamili, katika ofisi hii hicho kitu hakipo."

"Kipo hapa, Mkurugenzi. Kishike."

"Nisikilize dada yangu. Hakipo. Na kwa kuwa hakipo, hakiwezi kubanduliwa. Ukikibandua utakuwa umekubali kwamba kilikuwapo." Akaifuta simu kwa kitambaa chake cha mfukoni, taratibu, akamrudishia. "Na usiiangushe."

*

Sasa, watu wengine nao walikuwa wameweka protekta kwenye simu zao. Ni jambo la kawaida. Mtu akinunua simu kwa taabu huikinga. Na watu hawa walipigana picha jioni, kwenye taa za dukani na za barabarani. Si muda mrefu maduara mapya ya nuru yakaanza kujitokeza bila kuteuliwa. Muuza nyama mmoja alionekana amezungukwa na duara safi kuliko la Mlezi, kisu mkononi. Bibi harusi fulani alitoka nalo, mama mkwe wake hakutoka nalo, ndoa ikaanza kwa shida. Mnadani alionekana beberu anawaka pembe zote mbili.

Bunge likaitwa kwa dharura. Nililisikiliza redioni mwanzo hadi mwisho, na sijapata kusikia protekta zikijadiliwa kwa kina vile. Mbunge mmoja alisema zina faida, kwa sababu lenzi ikikwaruzwa picha inaharibika milele, na protekta ikikwaruzwa unabandika nyingine. Mwingine akasema hazina faida, kwani lenzi za siku hizi ni ngumu zenyewe na protekta huleta ukungu na mimweko. Yalikuwa maneno ya akili, na wote wawili waliombwa kukaa. Ndipo Waziri wa Sura ya Taifa aliposimama.

"Mheshimiwa Spika, hapa tunapotezewa muda. Swali si kama protekta ina faida. Swali ni faida ya nani. Lenzi ya mwananchi haina haja ya kukingwa na kioo. Lenzi ya mwananchi inakingwa na serikali!"

Vigelegele vikapigwa bungeni. Sheria ikapita jioni ile ile. Protekta zote za kamera zikawa marufuku, isipokuwa ile ambayo haipo. Na ikaongezwa kwamba mtu yeyote atakayeonekana pichani amezungukwa na duara atahesabiwa kuwa amewaka bila kibali, na adhabu ya kuwaka bila kibali ni kuzimwa. Sheria haikueleza kuzimwa kunafanywaje. Hatukuuliza, kwa kuwa wanaouliza huelezwa.

Askari wakapita nyumba kwa nyumba wakibandua. Wengine walitumia kucha, wengine ncha ya kisu, na lenzi nyingi ziling'oka pamoja na protekta. Waliopoteza lenzi walishauriwa wasogee karibu na vitu wanavyotaka kuvikumbuka. Mama wa sokoni aliyembandikia Stamili alifunga kibanda, akaanza kuuza kofia.

Mwalimu Hiza aliletewa maelekezo shuleni kwamba somo la mwanga lirukwe hadi litakapoandikwa upya. Aliisoma barua yenyewe barazani kwake, akaikunja.

"Sasa watoto niwafundishe nini?" aliniuliza.

"Sauti," nikamwambia. "Baada ya mwanga si inafuata sauti?"

"Sauti nayo wataifikia," alisema.

*

Lililotokea lilitokea kwenye harusi. Mwalimu mwenzake Hiza alikuwa anaoa, na sisi majirani tulialikwa sote. Stamili alikuja moja kwa moja kutoka kazini, kwa hiyo simu ya wizara alikuwa nayo kwenye mkoba. Kiza kiliingia, taa za ukumbini zikawashwa, muziki ukaanza, na Hiza, ambaye hakuwa mchezaji, akavutwa katikati na wanawake wa upande wa bibi harusi. Akacheza vibaya sana. Alikuwa akiona aibu na huku anacheka, anacheka kwa uso mzima, kichwa amekirudisha nyuma, mikono hajui aiweke wapi.

Stamili akatoa simu akampiga picha. Nilikuwa nimekaa naye meza moja. Hakufikiri lolote. Alimwona mumewe anacheka, akatoa simu, kama mke yeyote.

Bibi harusi akachungulia. "Jamani, Shemeji katoka vizuri! Nitumie, dada."

Akamtumia. Kesho yake picha ilikuwa imefika kwenye kundi la simu la walimu, na kutoka hapo ikaendelea na safari. Kuzunguka kichwa cha Hiza palikuwa na duara kubwa, jeupe, lisilo na kasoro, na katikati yake yule mtu anacheka.

Walikuja wawili, asubuhi, akiongoza Koplo Chaduma wa kituo cha mtaani kwetu. Chaduma alikuwa na mtoto darasani kwa Hiza, kwa hiyo alibisha hodi na akavua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Koplo. Kwema? Mtoto hajambo?"

"Hajambo, Mwalimu. Mwalimu, samahani. Unawaka."

"Nani kasema?"

Chaduma akamwonyesha picha. Hiza akaitazama, akaanza kucheka, halafu akaona kwamba Chaduma hacheki.

"Hii ni protekta, Koplo. Mke wangu yuko ndani, atakueleza."

Stamili alikuwa amekwisha kutoka, amesimama mlangoni. Akafungua mdomo. Yule askari wa pili akamtazama, akaitazama simu iliyokuwa mkononi mwake, ambayo ndiyo iliyompiga picha Mlezi, na Stamili akaufunga.

Wakamvika Hiza kofia nzito ya sufu, wakaivuta hadi masikioni, ili nuru isivuje njiani. Akaenda nao kwa miguu. Ilikuwa siku ya joto.

*

Bwana Lutengano alikuja nyumbani kwa Stamili kabla ya kesi, amebeba kilo ya sukari. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mama Tumu, nimekuja kama kaka, si kama Mkurugenzi."

"Karibu, kaka."

"Utaitwa ushahidi. Picha umeipiga wewe, kwa simu ya taifa. Sasa tazama. Ukisema duara lile ni la uongo, ni kosa la kioo, basi na lile jingine litakuwa la uongo, na hapo tunaondoka wote, mimi, wewe, na mtoto wako. Ukisema ni la kweli, mumeo ana nuru. Na nuru katika nchi hii ni moja."

"Kwa hiyo niseme nini?"

"Nimelala naliwaza hilo. Sema imemwambukiza."

"Nini imemwambukiza?"

"Nuru. Wewe unakaa na Mheshimiwa kila jioni, unarudi nyumbani nayo nguoni, mnalala chumba kimoja. Kaipata kwako. Anakuwa mgonjwa, hawi mhalifu. Mgonjwa hazimwi, hutibiwa."

Stamili akaisogeza kando ile sukari.

"Baba Tumu hatakubali."

"Yeye hataulizwa," alisema Lutengano. Akanywa chai, akashukuru, akaondoka.

Kesi ilisikilizwa mchana kweupe, mapazia yamefungwa na taa zimezimwa, kwa tahadhari. Hakimu Nambuo alisoma mashtaka kwa tochi iliyoelekezwa chini. Hiza aliletwa akiwa na kofia ile ile ya sufu, amekonda kidogo, jasho linamtiririka shingoni.

"Mshtakiwa," akasema Hakimu, "unakubali kwamba tarehe iliyotajwa uliwaka?"

"Sikuwaka, Mheshimiwa. Nilikuwa nacheza muziki. Ile ni protekta ya kamera. Taa ikiwa nyuma ya mtu, mwanga unagonga protekta unarudi kwenye lenzi. Niletewe simu na taa, nitawaonyesha sasa hivi, hata kwa Mheshimiwa Hakimu mwenyewe."

Hakimu akazima tochi, akakaa gizani, kisha akaiwasha.

"Karani, mshtakiwa amefanya nini?"

"Amekohoa, Mheshimiwa."

"Iandikwe amekohoa. Shahidi."

Stamili akasimama. Nilikuwa nyuma yake, niliona mgongo wake tu. Hakimu akamuuliza kama anaitambua picha. Akasema anaitambua. Akamuuliza duara lile ni nini.

Hiza akageuka akamtazama. Kofia ilikuwa imemshukia hadi kwenye nyusi.

"Imemwambukiza," alisema Stamili.

"Sauti, shahidi."

"Nuru imemwambukiza, Mheshimiwa. Kutoka kwangu. Mimi huwa karibu na Mheshimiwa Mlezi. Mume wangu ni mgonjwa."

Baadaye aliniambia kwamba aliyasikia maneno yale kama mtu anavyosikia redio ya jirani, na kwamba alingoja aone aibu, au uchungu, akangoja hadi akafika nyumbani, akateleka maji ya ugali, akaendelea kungoja.

Mahakama ilifurahi. Hakimu alisema ni mara ya kwanza katika historia ya sheria mke kumwambukiza mume jambo jema, na akampongeza Mlezi kwa nguvu ya Nuru yake. Hiza hakuzimwa. Aliamriwa afike kituoni kila Ijumaa jioni, asimame chini ya taa, apigwe picha kwa simu isiyo na kinga yoyote, hadi itakapothibitika kwamba nuru imempungua na kumwisha. Na kwa kuwa mahakama haikuwa na mpigapicha, kazi ile alipewa Stamili.

*

Ijumaa ya kwanza nilikwenda nao, maana Hiza alikuwa hasemi na Stamili alikuwa hasemi, nikaona ni vizuri awepo mtu wa tatu. Kituo kilikuwa na ukuta uliopakwa chokaa na taa moja juu yake. Koplo Chaduma akamvua Hiza kofia kwa heshima, akaitundika kwenye msumari. Stamili akapewa simu ya kituo. Akampiga mumewe picha.

Haikuwa na duara. Ingekuwaje nalo?

Chaduma akaitazama, akakuna kidevu. "Hamna kitu."

"Basi nimepona," akasema Hiza.

"Hapana, Mwalimu. Maelekezo yanasema *ipungue* na kuisha. Sasa hii haijapungua. Haipo tangu mwanzo. Nitaandika nini? Nikiandika haikuwapo, nitakuwa nimeipinga mahakama." Alifikiri kwa bidii, alikuwa anampenda Hiza na alitaka kusaidia. "Labda tuseme uso. Uso wako, Mwalimu, una uchangamfu. Leo tuandike upo mwingi. Ijumaa ijayo uje umeupunguza kidogo, tutaonyesha maendeleo."

"Niupunguze vipi?"

"Mwenyewe utaona. Macho hayo, kwa mfano."

Ijumaa iliyofuata Hiza alikuja akasimama, akakaza mdomo. Chaduma akasema kuna nafuu. Ijumaa nyingine akateremsha macho. Chaduma akasema vizuri sana Mwalimu, lakini nyusi bado zinauliza. Hiza akazilegeza. Stamili akawa anapiga tu. "Geuka kidogo kulia," anamwambia, "inua kidevu," naye anageuka, anainua. Ndiyo maneno waliyokuwa wakiambiana wiki nzima.

Mimi huku upande wa pili wa ukuta nilianza kusikia vijiko. Zamani sikuwa nikisikia vijiko vyao. Siku moja Stamili alimwambia kwa makusudi kwamba dunia ni bapa, nadhani alitaka abishe. Nikategea sikio. Hiza akasema, "Inawezekana."

Shuleni alirudishiwa darasa lake, na somo la mwanga lililoandikwa upya akalifundisha kama lilivyoandikwa. Mkaguzi alimsifu. Mlezi aliendelea kuwaka kila jioni, na Stamili aliendelea kumpiga picha, na picha zilitoka nzuri.

Kuna Ijumaa moja, mvua zikiwa zimekwisha, Hiza alisimama ukutani na Stamili akampiga picha. Chaduma akaichukua simu. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akamwita mwenzake naye aitazame. Pichani palikuwa na ukuta, na mbele ya ukuta palikuwa na shati, na juu ya shati palikuwa na uso wa mtu mzima usiosema chochote, kama dirisha la nyumba iliyohamwa.

"Safi," akasema Chaduma. Sauti yake haikuwa na furaha niliyoitegemea. "Hongera, Mwalimu. Umepona. Usije tena."

Hiza akashukuru. Hakuulizia kofia, na Chaduma hakumkumbusha. Tukatoka, wao wawili mbele, mimi nyuma kidogo. Njiani walinunua mafungu mawili ya nyanya kwa mama mmoja aliyekuwa anafunga biashara, Stamili akazitia kwenye mkoba, wakaendelea. Walikuwa wanatembea karibu karibu, mabega yanagusana, si kwa mapenzi wala kwa ugomvi, njia ilikuwa nyembamba.

Tulipokaribia nyumbani Hiza akasema neno. Lilikuwa la kwanza kumwambia mkewe bila kuanza kuulizwa, tangu kesi.

"Mama Tumu. Ile ya leo nimetokaje?"

Stamili alitembea hatua kadhaa.

"Umetoka," akasema.

Hiza akaitikia kwa kichwa, akamfungulia mlango, wakaingia.